Nyumba Haikabidhiwi Kavu

Juzi kijana mmoja nadhifu, viatu vyake viking'aa kuliko sufuria zangu, alinifuata mpaka hapa nyumbani Pap Onditi, akakaa, akaniuliza kama nimewahi kusikia kitu kinachoitwa bima. Nilimwacha aeleze. Alieleza vizuri, kwa kweli, na simu yake ilikuwa na picha za kila aina. Alipomaliza chai nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nikiwakatia watu bima kabla mama yako hajajua kufunga leso." Akacheka, akidhani namtania. Ndipo nikaona afadhali niyaandike haya, kwa ajili yake na nyinyi wenzake mnaouza bima kwa kubonyeza kidole. Kazi hii niliipenda mno na sitaki muifanye ovyo.

Mimi nilikuwa na mafundi bomba. Wenzangu ofisini walipewa magari, maduka na maghala ya pamba. Mimi nikapewa watu wa mabomba na mitaro. Siku zile, miaka ya mwanzo ya Uhuru, Kisumu ilikuwa inajengwa kila upande, na makontrakta wetu Waafrika walikuwa wameanza kupewa kazi kubwa ambazo zamani walizitazama kwa mbali. Lakini hakuna aliyepewa kazi ya mabomba ya hospitali au shule mpaka aonyeshe bima, ili akiharibu pawe na wa kulipa. Mkubwa wangu, Bwana Kantilal, Mhindi mpole aliyetafuna karafuu kutwa nzima, aliangaza macho ofisini akitafuta mtu wa kwenda mtaa wa Manyatta kukaa na mafundi na kuongea nao Dholuo. Macho yake yakanikuta kwenye taipureta. Sikukirudia tena kile kiti. Mafundi wakaniita Mama Bima, na wakati huo sikuwa hata na mchumba.

Msidhani walinipokea kwa vigelegele. Fundi wa kwanza kabisa nilimkuta amezama kwenye mtaro mpaka kiunoni. Nikamweleza shida yangu, kwamba nataka kujua kazi yake inaweza kuharibika kwa njia gani.

"Mama, asubuhi yote hii," akasema, "watu hawajakunywa hata chai, unakuja kuuliza kazi yangu itaharibika namna gani?"

"Siombi iharibike, Baba. Nauliza tu, kama ikiharibika."

"Na nani alituma wewe?"

Aliamini nimetumwa na washindani wake kuja kumletea mkosi. Nilifukuzwa na yule na wengine wengi, mpaka nikajua namna ya kuingia. Mfuate fundi saa ya chakula, akiwa amekaa. Usianze na hasara. Mwulize kwanza kazi aliyoifanya akajisifu nayo, naye ataeleza mpaka ugali upoe. Hapo ndipo umwulize swali langu, ambalo nawapa leo bure: kazi gani ilikushinda? Fundi anayesema hakuna kazi iliyowahi kumshinda, fungeni mkoba mwondoke. Ama ni mwongo, ama hajafanya kazi.

Nilijifunza na kutazama. Katika zile siku za mabomba ya chuma, maungio yalikazwa kwa nyuzi za katani zilizopakwa rangi. Fundi mzuri huzungusha katani kufuata meno ya bomba. Fundi wa haraka huisokota tu kama anayefunga mzigo wa kuni, na baada ya miezi michache ukuta unatoa jasho. Basi nilikuwa nainama na kuchungulia maungio kabla ya kuandika chochote. Nguo zangu ziliharibika sana, na mama yangu alikuwa akiniuliza kama nilisomeshwa ili nirudi nyumbani na matope.

Lakini kama mtaniuliza fundi niliyemheshimu kuliko wote, nitawatajia mmoja tu, naye ni Ogola.

Ogola alikuwa mtu wa huku kwetu Nyakach mwenye karakana Manyatta. Alikuwa mrefu, na mgongo ulikuwa umeanza kupinda kwa ajili ya kuingia chini ya sinki za watu. Nilipomwuliza kazi iliyomshinda aliweka kijiko chini na kunitajia moja, kisha nyingine, kisha akakumbuka nyingine tena, huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Nikamkatia bima siku hiyohiyo.

Sasa nawaeleza desturi moja ya mafundi wa Kisumu, maana hadithi yote imesimama hapo. Maji mjini yalikuwa na tabia ya kukatika, na mtu aliyejenga nyumba alihamia na familia yake yote, wazee wakija kuona. Kwa hiyo fundi hakuthubutu kukabidhi nyumba kavu. Alijaza tangi, akafungua kila bomba mpaka hewa ikaisha, akafunga, akafuta na kitambaa. Mwenye nyumba akigusa tu, maji yanakuja moja kwa moja bila bomba kukohoa. Ilikuwa ni adabu, kama vile huwezi kumwita mgeni kwenye meza isiyo na chakula. Wote walifanya hivyo, lakini Ogola alifanya kama mtu anayesali. Nilimwona mara moja akizunguka nyumba tupu, anafungua, anasikiliza, anafunga, na ukimsemesha hajibu.

Kisha Ogola akapata kazi kubwa ya maisha yake. Kanisa moja lilikuwa linajenga wodi ya akina mama huko milimani, juu ya Londiani, mbali na barabara, msituni kabisa. Ni kule ambako ukipanda kutoka Kisumu unaanza safari ukijipepea na gazeti na unafika ukiwa umejifunika hilo gazeti. Ili apate kazi ile aliweka karakana yake na pikapu yake kuwa dhamana. Alipeleka mafundi wake wote, wakajikunja kwa baridi, wakamaliza. Mabomba aliyapitisha darini, chini ya mabati, kama alivyozoea ziwani. Ikabaki siku ya ufunguzi tu. Hapo akapata habari ya msiba wa shemeji yake huku Pap Onditi, na msiba hausubiri. Kabla hajateremka akajaza tangi, akazunguka wodi, akafungua, akasikiliza, akafunga. Akaacha ufunguo wa valvu kubwa kwa mlinzi, mzee mmoja wa hukohuko aliyeitwa Arap Chumo.

Nyinyi watu wa milimani mmeshajua kilichotokea. Ulikuwa msimu wa mbingu nyeupe, usiku bila wingu, baridi ikashuka kuliko kawaida, na maji yaliyolala kwenye mabomba yakaganda. Yakiganda yanafura, na chuma hakina mahali pa kwenda. Jua lilipopanda, barafu ikayeyuka, maji yakamwagika kupitia kila ufa. Dari nzima ikaja chini juu ya vitanda vipya. Namshukuru Mungu hakukuwa na mgonjwa hata mmoja.

Kampuni ilimtuma mkaguzi wa hasara kutoka Nairobi, Bwana Ndirangu, mtu wa miwani na koti zito. Mimi na Ogola tulipanda kwa pikapu kumkuta. Njiani nilimsomea mkataba. Bwana Kantilal alikuwa amenifundisha kuanza na kurasa za mwisho, ambako kampuni inasema ni lini italipa na ni lini haitalipa, na nawaomba na nyinyi mfanye hivyo. Palikuwa na mambo mawili. La kwanza, kama uharibifu umeletwa na mtu wa nje aliyegusa kazi bila ruhusa, kampuni inalipa bila maneno. La pili, kama umeletwa na kontrakta mwenyewe aliyeacha tahadhari ambayo fundi mwenye busara angeichukua, hailipi. Ogola aliendesha, akikwepa mashimo. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba akikosa bima atajenga upya wodi ile kwa mfuko wake, na karakana itakwenda, na wale mafundi wake watarudi kutafuta vibarua.

Tulikaa kwenye veranda ya zahanati ya kanisa, jirani na wodi. Wazee wa kamati ya kanisa walikuwepo, na Arap Chumo alisimamishwa pembeni, kofia mkononi. Kumbe kamati ilikuwa imeshamhukumu. Ufunguo ulikuwa kwake, kwa hiyo ni yeye aliyefungulia maji, na walikuwa tayari kumfukuza kazi. Mzee alikuwa akitikisa kichwa tu.

Bwana Ndirangu akafungua kalamu. "Nataka kujua jambo moja. Nani alijaza maji kwa hii jengo?"

Mwenyekiti wa kamati akamnyoshea kidole mlinzi. Mimi nikaukumbuka mkataba. Mtu wa nje, bila ruhusa, ufunguo mkononi: kampuni inalipa bila maneno. Ogola hakuhitaji hata kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu, atazame viatu vyake kidogo, na karakana ingekuwa salama.

"Huyo mzee muache," Ogola akasema. "Maji ni mimi nilijaza."

Nilikasirika, siwafichi. Nilitamani kumfinya. Nilimwona anaitupa kazi yake yote mbele ya macho yangu, kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake.

Ndirangu akavua miwani. "Fundi, unajua unasema nini? Hapa kuna baridi. Mimi nilizaliwa Kinangop. Kwetu hata mtoto anajua maji hawezi kulala kwa bomba msimu huu. Unatoa yote. Kwa nini wewe ulijaza?"

"Ningeacha namna gani kavu, Bwana? Mama mja mzito aingie na uchungu, nesi afungue bomba, likohoe? Kwetu hiyo ni matusi."

"Na barafu je?"

"Barafu mimi najua," Ogola akajibu. "Iko Kisumu. Inatoka kwa mashine, wanapiga na nyundo, wanaweka kwa sanduku ya samaki. Sikujua kuna mahali inatengenezwa bure."

Mzee mmoja wa kamati alicheka kwanza, akajiziba mdomo. Ndirangu hakucheka. Aliandika. Mwisho akasema kwa upole kwamba anasikitika, lakini fundi mwenye busara asingeacha maji mle ndani, na mkataba hauna njia nyingine.

Hapo hasira yangu yote niliyokuwa nimemwekea Ogola ikapata mahali pa kwenda. "Bwana Ndirangu," nikasema, "fundi mwenye busara wa wapi?"

"Unasema?"

"Mkataba unasema fundi mwenye busara. Hausemi wa Kinangop. Bima hii tulimkatia Kisumu, tukijua ni fundi wa Kisumu, na kampuni ilijua anapanda huku. Mafundi wetu wote wenye busara wanajaza. Asiyejaza ndiye tunamwona hana akili."

Wengine wangenikemea, mimi nilikuwa msichana, na yeye alikuwa mkubwa kutoka Nairobi. Lakini yule bwana alikuwa na jambo ambalo nawatakia nyote mlio na kazi ya kukagua wenzenu. Aliposikia swali asilolijua jibu lake, alitaka kulijua.

"Nionyeshe," akasema.

Basi tukateremka naye Kisumu. Aliniuliza mahali pa kwenda, nikamwambia achague mwenyewe. Akachagua nyumba mpya upande wa Kibos, iliyokuwa bado na ngazi mlangoni. Tulipoingia nilitaka kugeuka. Fundi aliyekuwa akikusanya vifaa vyake alikuwa Makokha, Mluhya mmoja mfupi, na katika Kisumu nzima hakuna mtu aliyekuwa na maneno mabaya juu ya Ogola kama yeye. Walikuwa wamenyang'anyana kazi kwa miaka. Ogola akabaki kwenye pikapu.

Ndirangu hakumweleza lolote. Alikwenda jikoni, akafungua bomba. Maji yakaja moja kwa moja. Akaenda bafuni, vivyo hivyo.

"Mwenye nyumba amehamia?" akauliza.

"Bado. Anakuja mwisho wa mwezi," akasema Makokha.

"Na umeshajaza maji?"

"Sasa unataka nipee mtu nyumba kavu? Hata kama ni adui yangu, Bwana, siwezi."

"Na kama kungekuwa na baridi kali?"

Makokha akamtazama kama anayemhurumia. "Baridi itafanya maji nini? Maji ni baridi tayari."

Ndirangu alikaa juu ya mfuko wa saruji, akacheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Nilipomweleza Makokha kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kumsaidia Ogola, alinikata jicho. "Mama Bima, mngeniambia mapema, ningesema vingine." Lakini alitoka nje, akaenda kwenye dirisha la pikapu, akamsalimia Ogola kwa mkono. Sikuwahi kuwaona hao wawili wakipeana mkono kabla ya siku ile.

Ripoti ya Bwana Ndirangu niliisoma baadaye, mara nyingi. Hakupamba. Alisema kontrakta alifanya kosa la kutojua, si la kutojali. Alisema mtu huyu alipata nafasi ya kumtupia mwingine lawama na hakuitumia, kwa hiyo yeye mkaguzi hana sababu ya kutoamini maneno yake mengine. Na alisema fundi angekuwa hakosei kamwe, hapangekuwa na haja ya kumkatia bima. Kampuni ikalipa. Bwana Kantilal aliniita, akanipa punje moja ya karafuu kutoka kwenye kikopo chake, na kwake hiyo ilikuwa sherehe. Nililia chooni kwa furaha, kisha nikarudi kazini.

Tangu hapo kila fundi wangu aliyepanda milimani nilimwuliza habari za baridi kabla ya kitu kingine, na niliwafundisha alichofanya Ogola aliporudi kule juu. Aliyatoa mabomba darini, akayafukia chini, yaliyobaki nje akayavika magunia ya katani. Sehemu ya chini kabisa akaweka bomba la kumwagia maji yote, akamfundisha Arap Chumo kulifungua. Muuguzi mkuu alimwomba pia usiku wa baridi waache bomba moja likidondoka kidogo, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Hilo lilimshinda kumeza. Alikuja ofisini kwangu, akaketi, akashika kichwa.

"Mama Bima, leo nimeacha bomba inavuja, na mimi mwenyewe nimeifungua. Kuna bima ya aibu?"

"Hiyo hatuna, Baba."

"Basi usiambie Makokha."

Mvua za masika zilikuwa zimeanza pale mlango wa ofisi ulipofunguliwa na mzee aliyevaa koti refu la sufu, katika joto la Kisumu, jasho likimtiririka. Mkononi alikuwa na kibuyu. Alikuwa Arap Chumo. Alikuwa hajawahi kuliona ziwa, na alikuwa amepanda treni peke yake kuja kutafuta mtu.

"Natafuta yule mtu ya maji," akasema. "Yule alisema ni yeye."

Nilifunga daftari langu, nikampeleka Manyatta kwa miguu. Ogola alikuwa anakata bomba. Mzee hakutoa hotuba. Alisema bado ana kazi yake, na watoto wake wanakula, basi. Akafungua kibuyu, harufu ya maziwa lala ikajaa karakana nzima, tukanywa sote, na mafundi wakanywa, mpaka kikaisha. Ogola alikunja uso kwa ule uchachu, na bado akaomba tena.

Treni ya kurudi ilikuwa karibu. Arap Chumo akasimama, akanyosha mkono kuchukua kibuyu chake. Nami nikamwona Ogola anakiangalia kile kibuyu kitupu, nikajua kabla hajainuka atakachofanya. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa njugu zilizokaangwa na mke wake, njugu za hapa kwetu Nyakach, akaanza kuzimimina shingoni mwa kibuyu. Anamimina, anatikisa zikae vizuri, anasikiliza, anamimina tena. Uso wake ulikuwa uleule niliouona siku zile akizunguka nyumba za watu.

Zilipofika mdomoni Arap Chumo akaweka kiganja chake juu ya kibuyu.

"Inatosha, Fundi," akasema. "Acha nafasi kidogo. Kwetu hiyo inapasuka."